Pima Maji

Tela namba thelathini na moja limerudi Jumanne,
likivutwa na gari la watu wengine,
mlango umefungwa kwa kamba ya katani,
taa moja ya nyuma inaning'inia kwenye waya wake
kama jino la mtoto linalosubiri kung'olewa.

Vumbi la Ngorongoro ningelisamehe.
Vumbi ni la kila mtu.
Lakini nilipofungua, harufu ilinipokea kabla ya macho:
godoro lililolala na maji wiki mbili.

Bwana Kivuyo alisimama na karatasi mkononi.
Hakufoka. Afadhali angefoka.
Alisema tu, "Aikande, fungua ukuta,"
akatoka kwenda kupokea simu uani, kwenye kelele za grenda,
mahali ambapo hakuna awezaye kusikia simu.

Nikatoa riveti, moja baada ya moja.
Sharti ziachane inchi mbili.
Kufika dirishani, juu ya kitanda,
zimekuwa inchi tatu, nne, tano,
hatua za mtu anayekimbilia nyumbani.

Naikumbuka ile Ijumaa.
Mteja yuko getini, injini inanguruma,
silikoni imebaki mkia wa tyubu,
Elisaria kashavua glavu za kuchomelea, ananawa,
na Lomnyaki, kijana wa kujifunza kazi, akauliza:
"Dada, hili hatulimwagii maji?"

Maana kila tela tulilimwagia, saa nzima, kwa mpira,
mmoja juu ya ngazi, mmoja ndani na tochi,
wa ndani akipaza sauti: bado kavu,
bado kavu,
bado.
Siku hiyo nilimjibu, nikiwa nimeshatia mkoba begani:
"Kiangazi chote hiki, mvua itoke wapi?"

Ilitoka.

Nyuma ya bati la alumini plaiwudi imelainika,
naibonyeza kwa kidole, inabonyea kama ugali wa jana,
na juu yake, kwa penseli ya seremala,
mwandiko wangu haujapotea hata herufi:
SAWA. A.

Nimelitazama neno hilo mpaka likawa geni.
Sawa na nini?
Sawa ile ya dukani, chenji imepungua
nawe unaona haya kuhesabu mbele za watu.
Sawa ya aliyegeukia ukutani, kashazima taa.
Neno halina kona. Linapita popote penye ufa,
halafu linakaa ndani, kimya, likiozesha.

Kwenye msumari wangu inaning'inia pima maji,
kipovu chake cha kijani kimetulia katikati.
Miaka tisa hapa Themi naiweka juu ya kila fremu,
na kipovu hakijawahi kunidanganya.
Miaka tisa nalitaja jina lake bila kulisikia:
nilidhani mpimaji ni mimi.

Karatasi ya Bwana Kivuyo imeachwa juu ya benchi.
Inasema mpishi wa kambi, Ndeshi, ndiye alilala humo.
Kwamba alikaa macho usiku kucha, sufuria mapajani,
ikijaa anamwaga, ikijaa anamwaga,
na alfajiri akawapikia chai watu kumi na moja.
Haisemi kama alitulaani.
Haisemi alivaa nini kikavu.

Leo ni Alhamisi. Ukuta ni mpya. Inchi mbili, inchi mbili,
nimezipima mara mbili kwa futi, mara ya tatu kwa kidole gumba.
Mteja kapiga simu; nimesikia Bwana Kivuyo akimwambia kesho,
na sauti yake haikuwa na uhakika wa kesho ipi.

Nimeazima sufuria kwa mama lishe wa ng'ambo ya barabara.
Nimeketi kitandani, nailoni ya godoro inanata mapajani,
tochi nimeizima, nisije nikaona kwa kutamani.
Lomnyaki yuko juu ya ngazi na mpira.
Bati linavuma juu ya kichwa changu.
Dakika kumi. Ishirini. Arobaini.

"Dada!" anaita. "Sawa?"

Sijamjibu.
Nasikiliza.